Miaka Mitano Niliyovuliwa

Asubuhi ya siku ile nilikuwa na miaka kumi na tisa. Ilipoadhiniwa adhuhuri nilikuwa na kumi na minne.

Sikulogwa wala sikunywa dawa. Baba, aliyekuwa karani hapo hapo bomani Bagamoyo, alishika Msahafu akaapa mbele ya Bwana Shauri kwamba binti yake ana miaka kumi na minne na hajapata kuolewa. Mzungu huyo akatia sahihi. Karani mwenziwe akagonga mhuri, na karani huyo, nataka ijulikane, alikula pilau ya harusi yangu mpaka akalegeza mshipi. Baba akarudi nyumbani na karatasi ameikunja ndani ya kofia. Akaivua kofia, akanikabidhi.

"Soma mwenyewe," akasema. "Umekuwa mtoto."

Niliisoma huku mwanangu ananyonya.

Watu wakinisikia nanung'unika huniambia, "We nawe, shukuru. Nani mwingine amerudishiwa ujana wake?" Wanasema kama vile ujana ni sufuria niliyoazimwa nikarudishiwa imesuguliwa. Hawajui ujana ukirudishwa kwa nguvu unakuja na nini, na unaondoka na nini. Nitaeleza.

Kilichotokea ni kwamba nafasi ilipatikana. Shule ya bweni ya wasichana huko bara ilikuwa ikitafuta watoto wa pwani na haiwapati, kwa kuwa sisi wa pwani tulikuwa tunaolewa. Masharti yalikuwa mawili: msichana asizidi miaka kumi na mitano, na asiwe ameolewa. Mimi nilikuwa nimeshaolewa, nimeshazaa, nimeshaachwa. Mume wangu alikuwa mtu wa Mlingotini, mwenye mashamba ya chumvi. Alinipa talaka mbili kwa hasira, akaongeza ya tatu kwa kuona haya kurudi nyuma, kisha akahamia Miono kwa mke mwingine na hakuuliza tena habari ya mtoto.

Aliyenitoa darasa la sita kunioza alikuwa baba. Tangu siku niliporudi na sanduku langu kichwani na mtoto mgongoni, hakuweza kunitazama usoni. Karatasi ile ndiyo iliyokuwa radhi aliyoniomba. Kwetu baba hamwombi mtoto radhi. Afadhali aape uongo kwa ajili yake. Na kwa kiapo kile alifunga siku tatu za kafara. Siku ya tatu akafuturu kwa tende na uji, akapangusa ndevu, akamshukuru Mungu, na roho yake ikatulia. Siku tatu! Mimi huu mwaka wa saba.

Na je, nilikataa? Sikukataa. Hapo ndipo panaponiunguza kuliko pote. Niliitaka shule ile kama mgonjwa wa homa anavyotaka maji. Niliuliza swali moja tu.

"Na mtoto?"

Mama alijibu upesi mno, kama mtu aliyekuwa amekaa na jibu mdomoni tangu asubuhi.

"Mtoto wangu. Asiyeolewa hana mtoto, na mtoto hakosi mama. Basi mama ni mimi, wewe ni dada. Ni maneno tu, mwanangu. Damu haipotei."

Mama alikuwa na miaka arobaini na kidogo. Alizaa watano akazika wanne. Mimi ndiye niliyebaki, na tangu amzike wa mwisho alikuwa hatii wanja, haendi ngomani, akialikwa harusi hukaa karibu na mlango ili awahi kuondoka. Mitaani walikuwa wanamwita bibi kabla hata sijazaa.

Akamwita somo yangu, yule mama aliyenifunda nilipovunja ungo na kunikabidhi kwa mume. Alikuja, akakaa juu ya mkeka, akasikiliza mpaka mwisho, halafu akacheka.

"Nimefunda wanawali wa mji huu wote," akasema, "lakini kumfundua mtu, ndiyo kwanza naambiwa."

"Fanya," mama akamwambia. "Huko bweni wanaoga pamoja. Wataona."

Somo akanitaka nisimame, nikasimama. Akaingiza mkono chini ya kanga yangu, akaushika utunda, zile shanga za kiunoni alizonivisha mwenyewe, akaukata kwa mkasi. Shanga zikamwagika sakafuni. Mwanangu akafurahi, akaanza kuziokota na kuzitia kinywani, na mama akazitoa moja moja kwa kidole. Somo akanifumua nywele akanisuka mistari ya kitoto. Akanivua kanga zangu jozi mbili akanipa gauni. Alipokuwa akifunga vifungo mgongoni aliniambia kwa sauti ndogo, bila mzaha safari hii, "Ya nje haya nimeyaweza. Ya ndani utajua mwenyewe."

Ya ndani yalikuwa maziwa. Mtoto alikuwa amebakisha miezi mitatu kutimiza miaka miwili, na miaka miwili kamili ndiyo haki yake. Hata baba anayeapa uongo analijua hilo. Lakini shule haikungoja. Mama alinipaka shubiri kwenye chuchu zote mbili. Mtoto akaja mbio kama kawaida yake, akashika, akaonja, akaniachia. Hakulia. Alinitazama kama mtu aliyetukanwa na mtu anayempenda. Ndipo mama akamnyanyua, akafungua kanga yake, akampa ziwa lake mwenyewe, kavu, lisilo na kitu, na mtoto akalikamata akanyamaza. Nilisimama pale na gauni langu jipya limelowa kifuani.

Kesho yake nikapanda lori.

Huko bweni nilikuwa mtoto. Niliambiwa wakati wa kulala na wakati wa kuamka, nilichapwa viganja kwa kuchelewa kwenye foleni ya uji, mimi niliyekuwa nimesimamia nyumba na kupika futari ya watu kumi na wawili. Wiki tatu za kwanza maziwa yalikuwa yanatoka kila nikisikia mtoto analia katika nyumba za walimu. Nilijifunga kitambaa na nikasema nina kifua.

Michirizi ya tumbo haina dawa. Niliamka kabla ya wenzangu nikaoga nimejifunga shuka, uso ukutani. Wakaniona wakacheka mpaka wakakaa chini. "Huyu wa pwani anaoga kama maiti, na sanda yake!" Jina likabaki. Miaka yote nilikuwa Maiti. "Maiti, nipe sabuni." "Maiti, leo zamu yako ya kufagia." Walinipenda, siwasingizii. Tukishamaliza kudurusu walikuwa wanazungumza habari za wanaume na za kuzaa, na mmoja, binti wa mwalimu, aliapa kwamba mtoto hutokea kitovuni, ndiyo maana kitovu kina fundo. Wakaniuliza mimi nina maoni gani.

"Sijui," nikasema. "Mimi bado mdogo."

Walicheka, na mimi nikacheka. Nilikuwa nimezaa kwa siku mbili na usiku mmoja juu ya kitanda cha kamba huko Mlingotini.

Likizo ya kwanza nilirudi baada ya mwaka mzima. Nilimletea mwanangu mwanasesere wa kitambaa niliyemshona katika somo la ushonaji. Mtoto alikuwa uani, amekua, ana meno yote. Aliponiona akajificha nyuma ya kanga ya mama.

"Mwamkie dada," mama akamwambia.

"Shikamoo, dada."

Mama akanitazama. Mtoto akaniangalia kwa jicho moja, anangoja, kwa kuwa amefundishwa kwamba mkubwa akiamkiwa huitika.

"Marahaba," nikamwitikia mwanangu.

Mama alipogeuka kuingia ndani nilisikia kitu kinachoteta chini ya kanga zake kila anapopiga hatua. Zilikuwa shanga zangu. Alikuwa amezitunga upya akazivaa yeye. Alikuwa ametia wanja. Alikuwa amenenepa mashavu. Pale sokoni wanawake wa rika lake walikuwa wakimwita "mama mtoto" na kumtania kwamba mzee bado hajalala, naye akijibu kwa maneno ambayo sikupata kuyasikia kinywani mwake maisha yangu yote. Baba naye alikuwa anawahi kurudi kutoka bomani. Miaka mitano waliyonivua mimi, mama alikuwa ameiokota akaivaa, na ilimkaa. Wallahi ilimkaa vizuri. Ningeweza kumchukia vizuri zaidi kama isingemkaa.

Mji mzima ulijua. Hili ndilo wageni hawalielewi. Wakunga walijua, shehe aliyenioza alijua, majirani walionipikia uji wa uzazi walijua. Hakuna aliyesema. Kwetu ukiona aibu ya mwenzako unaifunika, na aliyefunika haulizwi amefunika nini. Ndiyo sitara, na ukiivunja wewe ndiye uliyekosa adabu. Walinisitiri kwa moyo mweupe. Walinisitiri mpaka wakanizika.

Likizo nyingine jirani yetu alishikwa na uchungu. Wanawake wakakusanyika, na mimi nikaingia pamoja nao, nikashika bakuli la maji ya moto. Mmoja akapiga kelele, "Watoto nje! Watoto nje!" Watoto wakatoka. Akabaki akinitazama mimi. Alikuwa ndiye aliyenishika mabega nilipokuwa nazaa. Akasema taratibu, "Na wewe, binti." Nikaweka bakuli chini nikatoka.

Huko kisimani nilimkuta rafiki yangu wa utotoni. Tulivunja ungo mwezi mmoja. Alikuwa na watoto watatu na mimba ya wa nne.

"Hujambo," nikamwambia.

"Hujambo nini? Hebu niamkie vizuri. Mie mkubwa wako sasa."

"Acha wewe."

"Sema shikamoo, la sivyo nakwenda bomani kukushtaki huna heshima." Akajishika kiuno, tumbo mbele, anacheka. "Haya, mwanangu."

"Shikamoo."

"Marahaba, mjukuu wangu! Ukikua utaolewa!" Alicheka mpaka ndoo ikamwagika. Kisha akaacha kucheka, akajifuta macho kwa ncha ya kanga, akasema, "Dada yangu, na mimi kama wangenipa hiyo karatasi ningeichukua. Ningewaacha wote watatu hapa hapa kisimani." Nilimjibu neno baya. Mpaka leo sijamwomba radhi.

Nilimaliza darasa la kumi, nikasomea ualimu miaka miwili, nikarudi Bagamoyo na cheti. Nilipangiwa shule ya wasichana ya mji. Nikafungua rejista ya darasa la pili nikaliona jina la mwanangu, na mbele yake jina la baba yangu, kama lilivyo mbele ya jina langu. Katika rejista, mimi na yeye ni ndugu wa baba mmoja. Nikaita majina kwa mpangilio. Nilipofika kwake aliitika, "Nipo, mwalimu," halafu akawanong'oneza wenziwe kwa maringo, "Dada yangu huyo." Shuleni mwalimu, nyumbani dada. Majina yote nilikuwa nayo isipokuwa moja.

Nilivumilia muhula mzima. Ulipoisha nikamwendea mama jikoni, nikamwambia nataka kumwambia mtoto.

Hakupandisha sauti. Alikuwa anachambua mchele na aliendelea kuchambua.

"Mwambie. Ukishamwambia nenda bomani ukawaambie na wao. Baba yako afungwe kwa kiapo, na wewe urudishe hicho cheti chako. Halafu umwambie na baba yake ni nani, amfuate Miono akafukuzwe mlangoni."

"Mama, ni mwanangu."

"Miezi ishirini na moja alikuwa wako. Surua ilipomshika nani alimlaza kifuani siku tisa? Jino la kwanza kung'oka nani alilitupa juu ya paa?" Akatoa punje ya jiwe akaitupa. "Mimi nilizika wanne. Huyu wa sita ulinipa kwa mkono wako."

"Ulisema ni maneno tu."

"Na wewe uliamini, msomi mzima!"

Nilitoka. Kama kungekuwa na mlango wa kubamiza ningeubamiza, lakini jiko letu lilikuwa na pazia la gunia.

Nilimwambia mtoto Jumapili iliyofuata, mchana. Alikuwa amejilaza kifudifudi ukumbini anaandika hesabu kwenye kibao chake. Ni mwepisi wa hesabu. Nilimfundisha mimi, kujumlisha kwa kokwa za ukwaju na kutoa kwa kuzirudisha kokwa kwenye kikapu. Nilikaa kando yake. Nilikuwa nimetunga maneno mengi ya kupita huku na huku, yote yakanitoka, nikasema, "Mimi ndiye niliyekuzaa. Si dada yako. Mimi ni mama yako."

Alinitazama. Nilidhani atalia, na nilikuwa nimejiandaa kwa kilio. Akatabasamu, yale matabasamu ya mtoto anayejua anategwa.

"Dada, una miaka mingapi?"

Nilifungua mdomo kusema ishirini na mitano. Lakini umri wangu anaujua. Mji mzima unaujua, umeandikwa kwenye cheti kilichotiwa kioo na kutundikwa ukumbini, juu ya kichwa chake pale pale alipolala. Baba alikitundika mwenyewe.

Hakungoja jibu. Aliinua macho akasoma tarehe ya kuzaliwa, akahesabu kwa vidole, akaandika kwenye kibao ishirini, chini yake nane, akapiga mstari. Akatoa. Akaandika kumi na mbili.

"Miaka kumi na miwili!" akapiga kelele. "Mtu wa miaka kumi na miwili hazai. Ulikuwa hujavunja hata ungo!" Akaangua kicheko, akabiringika mkekani. "Mama! Mama! Njoo umsikie dada, anasema eti yeye ndiye aliyenizaa!"

Mama alikuwa uani juu ya mbuzi, anakuna nazi. Mlio wa kukuna ukakoma. Akaja mpaka kizingitini na kifuu mkononi, chembe za nazi zimemganda vidoleni. Nilimtazama. Wanja aliotia asubuhi ulikuwa bado haujachakaa, na chini yake niliona uso mwingine, ule wa mwanamke anayekaa karibu na mlango. Mara ya kwanza tangu nizaliwe mama yangu alikuwa anangoja mimi niseme.

Ningeweza kukivunja kile kioo. Ningeweza kufunua tumbo langu pale pale, nikamwonyesha mtoto michirizi, nikamwambia hesabu hii hapa, soma. Nilishika pindo la gauni. Mtoto alikuwa bado anacheka, ameinuka amemwegemea mama mguuni, mkono mmoja umeshika kanga yake bila yeye kujua kwamba umeshika, kama alivyokuwa akishika yangu.

"Ananitania, mama, ee?"

Mama alikuwa ananitazama mimi.

"Ndiyo," nikasema. "Nakutania."

Mama akarudi uani. Ilichukua muda kabla mlio wa kukuna haujaanza tena.

Mtoto akarudi kwenye mkeka, akaniletea kibao.

"Basi sahihisha, mwalimu."

Nikakitazama. Tarakimu zimekaa sawa, moja chini ya nyingine, mstari umenyooka, nilivyomfundisha. Hakuwa amekosea popote. Nikachukua chaki nikamwekea vema.